BAISKELI KUUKUU: IKUENEE KWANZA, KISHA UULIZE BEI

Somo kwa Wanachama



Msimu ukisha, majamvi yakakunjwa na karafuu zikapimwa, kila mtu huwa na haja zake zilizokuwa zikimngoja. Mmoja huezeka paa, mwingine hulipa deni la duka, na wengine, wala si wachache, hushika njia ya mjini kwenda kutafuta baiskeli. Baiskeli mpya ni ghali, na zile kuukuu ziletwazo kwa meli kutoka Ulaya na Ujapani zimepangwa ukutani, zimepakwa mafuta, zang'aa. Mtu huipenda rangi, huipiga kengele, akatoa fedha. Haupiti muda mrefu ila utaiona baiskeli ile imeegemezwa nyuma ya banda, tairi zimelala, na mwenyewe yuatembea kwa miguu kama zamani.

Khasara hiyo si ndogo kwa mkulima wa karafuu. Mwenye mshahara akikosea mwezi huu hujisahihisha mwezi ujao. Sisi mkarafuu hautupi kila mwezi, na twajua ya kuwa hauzai sawasawa kila mwaka: mwaka mmoja matawi huinama, na mwaka wa pili yake hutafutwa vikonyo kwa macho. Fedha ikishakupotea huna ila kungoja. Na hiyo ya fedha ndiyo khasara nyepesi. Nzito ni ya yule ashukaye mlima akakamata breki, na breki isishike.

Somo hili lataka kufundisha jambo moja tu. Anunuaye baiskeli kuukuu ana vipimo vitatu, navyo vina utaratibu wake: cha kwanza ni mwili wake, cha pili ni chuma, cha tatu ni fedha. Wengi wetu huanza na cha mwisho. Huuliza bei, wakaridhika, kisha wakaulazimisha mwili uifuate baiskeli. Basi tuvitazame kimoja kimoja.

1. ITAFANYA KAZI GANI?

Kabla ya kutoka nyumbani jiulize baiskeli itapita wapi na itachukua nini. Barabara zetu kubwa zina lami, lakini njia nyingi za mashambani ni za udongo, zina mizizi na mawe, na masika huwa tope tupu. Baiskeli kuukuu za barabarani zinazoonekana kwa wauzaji ni za namna tatu.

Ya kwanza ni ile nzito ya kazi waliyoijua baba zetu, yenye magurudumu makubwa ya inchi 28 na breki za fimbo. Ni mfano wa Raleigh zilizotengenezwa Nottingham, Uingereza, na wa Phoenix za Shanghai, Uchina, na Hero za Ludhiana, Bara Hindi. Mlimani ni nzito, lakini hustahimili mzigo, na fundi yeyote aijua.

Ya pili ni baiskeli ya mjini kutoka Ulaya au Ujapani. Usukani wake umeinuka, ina madigadi na keria, na pengine ina gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Hii huwafaa wengi kwa safari za dukani, skuli na kituoni.

Ya tatu ni baiskeli nyepesi ya mbio, yenye usukani uliopinda mithili ya pembe za kondoo, tairi nyembamba na gia nyingi. Juu ya lami huenda kwa wepesi wa ajabu, na kijana aendaye kazini kila siku kwa barabara kuu hatajuta kuwa nayo. Walakini nyingi katika hizo hazina mahali pa kufungia keria wala madigadi, na nafasi baina ya uma na tairi ni finyu hata tairi nene haiingii. Anayetaka kupakia gunia asiitazame, hata akipewa kwa nusu ya bei.

2. KIPIMO CHA KWANZA: MWILI WAKO

Kanzu ikiwa ndefu hupunguzwa. Fremu ikiwa ndefu haipunguzwi. Kwa hiyo yafaa ujijue vipimo vyako kabla ya kwenda sokoni.

Vua viatu, usimame wima umeegemea ukuta, miguu imeachana kidogo. Weka kitabu kigumu baina ya mapaja, mgongo wake ukielekea juu, ukipandishe mpaka kiguse mfupa, kama ambaye umekaa juu yake. Mwenzako atie alama ukutani, kisha pima tangu alama hiyo hata sakafuni. Huo ndio urefu wa mguu wako. Uandike.

Urefu wa fremu hupimwa kwa bomba la tandiko, tangu katikati ya ekseli ya pedali mpaka linapokutana na bomba la juu. Kwa baiskeli nyepesi ambayo bomba lake la juu limelala sawasawa, zidisha urefu wa mguu kwa 65, ugawe kwa 100. Mwenye mguu wa sentimita 80 atapata 52, basi aanze kutafuta fremu ya sentimita 52 au karibu yake. Baiskeli nzito za kazi huhesabiwa kwa inchi, na nyingi ni za inchi 22 au 24, yaani sentimita 56 na 61. Ndiyo sababu mtu mfupi akipewa ya 24 huonekana kama anaparamia mkarafuu.

Hesabu hiyo ni kiongozi tu. Hakimu ni kuivuka baiskeli yenyewe. Simama umeipitisha baina ya miguu, nyayo zote mbili chini, na viatu vyako vya kila siku miguuni. Baina ya bomba la juu na mwili ipatikane nafasi ya vidole viwili au vitatu. Ikiwa bomba lakugusa, iache, maana siku utakayosimama kwa ghafula utaumia. Na fremu ambayo bomba lake la juu linainama kwenda nyuma isikudanganye: huvukika kwa wepesi, lakini huenda bado ikawa ndefu kwa mikono yako.

Urefu wa tandiko. Mwenzako aishike baiskeli. Kaa, uweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka bila ya kiuno kuinama upande. Ukisha hapo, weka unyayo mahali pake, yaani penye mfupa mpana nyuma ya vidole, na goti litapinda kidogo. Hicho ndicho kimo chako. Tandiko likiwa chini mno, maumivu mara nyingi huja mbele ya goti; likiwa juu mno, kiuno hucheza huku na huku, na maumivu huja nyuma ya goti. Wengi wetu hulishusha tandiko ili tukisimama nyayo zote mbili zikanyage chini. Ni raha ya kusimama, lakini tunaipanda baiskeli ili twende, na kisiwa chenye vilima kama hivi vyetu humchosha upesi apandaye amekunja magoti. Yatosha ncha ya mguu mmoja ifike chini.

Urefu wa mikono. Shika usukani kama utakavyoshika njiani. Viwiko vipinde kidogo, mabega yatulie. Mikono ikinyooka kama fimbo na shingo ikikaza, baiskeli ni ndefu kwako. Tandiko huweza kusogezwa mbele au nyuma sentimita chache, na shingo ya usukani yaweza kubadilishwa kwa fupi zaidi, lakini hayo ni marekebisho madogo. Fremu iliyokuzidi sana haina dawa.

Hapa pana jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Mwambie muuzaji alegeze nguzo ya tandiko, aipandishe na kuishusha mbele yako, kisha afanye vivyo hivyo kwa shingo ya usukani. Chuma kilichokaa miaka katika hewa ya chumvi hushikana ndani ya bomba hata nyundo isikitoe. Ikiwa nguzo haitoki, baiskeli hiyo inamwenea mtu mmoja tu, yule aliyeiweka hapo mwanzo. Tena tazama alama ya kikomo iliyochorwa juu ya nguzo. Nguzo ikipandishwa hata alama hiyo ikaonekana nje, yaweza kuvunjika nawe uko juu yake.

Mtoto asinunuliwe baiskeli ya kukulia. Twajua ni desturi kumshonea mtoto nguo kubwa ili aivae miaka miwili, lakini nguo kubwa haimwangushi mtu mbele ya gari. Mtoto asiyefika chini kwa mguu na asiyezungusha vidole kwenye mkono wa breki hana amri juu ya baiskeli hiyo.

Kwa wanawake, fremu iliyo wazi katikati hurahisisha kupanda na kushuka. Avaaye buibui au nguo ndefu atafute yenye kifuniko kizima cha mnyororo na ngao ya pembeni mwa gurudumu la nyuma, ili nguo isinaswe. Baiskeli nyingi za Uholanzi huja na vitu hivyo viwili.

3. KIPIMO CHA PILI: CHUMA

Baiskeli ikisha kukuenea, sasa ikague. Chukua kitambaa, rula ya inchi, kamba nyembamba ya mita tatu na sumaku ndogo. Nenda mchana, si baada ya magharibi, wala usikague baiskeli iliyolowa maji, kwani maji huficha nyufa.

Fremu. Futa vumbi, utazame chini ya bomba la juu na bomba la chini, karibu na kichwa ambamo usukani huingia. Pitisha kidole. Ikiwa rangi imekunjamana kama ngozi ya maziwa, au pana kivimbe, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele. Kipande kimoja tu kikiwa na rangi mpya, uliza sababu. Kisha weka sumaku. Ikishika, fremu ni ya chuma, na ufa mdogo katika chuma fundi mzuri huweza kuuunga. Isiposhika, huenda ikawa alumini, na alumini iliyopasuka iache. Zipo pia fremu nyeusi za nyuzi za kaboni, nyepesi mno. Hizo zigonge kwa sarafu toka mwanzo hata mwisho: mlio ukiwa mkavu na wa namna moja, ni dalili njema; ukifika mahali ukafifia kama chungu kilichopasuka, ondoka. Hakuna fundi wa kijijini wa kuiponya.

Sasa ile kamba. Ifunge penye mwisho wa fremu nyuma ambapo gurudumu hukaa, upande wa kulia. Ipeleke mbele, izungushe kichwani, uirudishe mpaka penye gurudumu upande wa kushoto, na uivute ikaze. Pima kwa rula nafasi iliyo baina ya kamba na bomba la tandiko, kulia na kushoto. Zikiwa sawa, fremu imenyooka. Zikitofautiana sana, fremu imepinda, na baiskeli itakwenda upande kama kaa.

Uma wa mbele. Simama ubavuni mwa baiskeli. Sehemu ya juu ya uma, kabla ya kupinda kwake, iwe katika mstari mmoja na bomba la kichwa. Uma uliorudi nyuma umegonga.

Magurudumu. Inua, zungusha, utazame ringi inavyopita baina ya raba za breki. Ringi icheze kidogo, fundi huinyoosha kwa kukaza spoki. Iruke na kugonga, ya kununua mpya. Binya spoki mbili mbili kwa vidole ujue zilizolegea, na uhesabu zilizokosekana. Kisha shika gurudumu kwa juu ulitikise kulia na kushoto. Likicheza, gololi na vikombe vyake huenda vimelika, au zataka kukazwa tu. Mwache muuzaji akaze mbele yako, ulizungushe tena. Likikwaruza, vimelika. Kwa ringi za alumini, pitisha rula ubavuni penye kuguswa na breki: pakiwa pamebonyea kama kijiko, ringi imekwisha.

Mikono ya pedali. Shika mikono yote miwili, uisukume ndani na nje. Ikicheza pamoja, tatizo liko katika ekseli; ukicheza mmoja peke yake, ni pini yake. Pini ni kitu rahisi, lakini mkono ulioendeshwa muda mrefu umelegea hulika tundu lake, na hapo pini mpya haisaidii. Kadhalika jua ya kuwa pedali ya kushoto ina skrubu ya kinyume: hufunguliwa kwa kuzungushwa kama mshale wa saa. Asiyejua huilazimisha akavunja meno yake. Basi tazama kama imekaa sawasawa, haikupachikwa kwa nguvu.

Mnyororo. Hapa rula husema kweli kuliko ulimi. Weka sifuri katikati ya pini moja, uhesabu pingili 24. Mnyororo mzima, pini ya mwisho huangukia inchi 12 kamili. Ikipita kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo wataka kubadilishwa. Ikipita kwa sehemu moja ya nane, yaelekea na meno ya friwili yamekwenda nao, na mnyororo mpya utaruka juu ya meno ya zamani. Hivyo hesabu vyote viwili.

Breki. Kamata breki ya mbele kwa nguvu, uisukume baiskeli mbele: gurudumu lisizunguke, na mkono wa breki usifike usukanini. Fanya vivyo kwa ya nyuma. Kumbuka ya kuwa ringi za chuma zikilowa hazishiki vizuri, hata breki ikiwa mpya, na watu wa mvua za masika twapaswa kulijua hilo. Anayeshuka milima kila siku heri atafute ringi za alumini.

Tena uliza mkono upi unashika gurudumu lipi. Baiskeli za Uingereza na Ujapani kwa desturi breki ya mbele iko mkono wa kulia. Nyingi za Ulaya bara iko mkono wa kushoto. Na zipo zisizo na breki ya mkono nyuma kabisa, bali husimama kwa kurudisha pedali nyuma. Mtu aliyezoea mkono wa kulia kuwa wa mbele, akipata ya kushoto, siku ya kitisho atakamata gurudumu asilolikusudia, na kukamata la mbele peke yake kwa ghafula katika mteremko ni kurushwa juu ya usukani. Breki za waya fundi huweza kuzibadilisha upande kwa muda mfupi. Zibadilishwe siku ile ile, kabla hujaipanda kurudi nyumbani.

4. NAMBA ZA TAIRI

Kifungu hiki kisomwe mara mbili, kwani khasara nyingi zimo humu. Tairi zaweza kuitwa kwa jina moja zisiwe sawa. Ile inchi 28 ya baiskeli nzito ya kazi si inchi 28 iandikwayo juu ya tairi nyingi za Ulaya. Yakuaminiwa ni namba mbili zilizotengwa kwa kistari ubavuni mwa tairi, kama 40-635. Ya kwanza ni unene, na ya pili ni upana wa duara la ringi mahali tairi inapokaa, zote kwa milimita.

Baiskeli nzito ya inchi 28 kwa 1½: namba ya pili ni 635.
Baiskeli za mbio za siku hizi, na za mjini zilizo nyingi kutoka Ulaya: 622.
Baiskeli za mbio za zamani, inchi 27 kwa 1¼: 630.
Baiskeli za mjini, inchi 26 kwa 1⅜: 590.
Baiskeli za milimani, inchi 26 zenye tairi nene: 559.

Tazama 622 na 630. Tofauti ni milimita 8 tu, lakini tairi ya moja haikai katika nyingine. Basi iandike namba, uende dukani kwanza uulize kama tairi yake hupatikana. Baiskeli nzuri isiyo na tairi kisiwani ni pambo la ukutani.

5. KIPIMO CHA TATU: FEDHA

Mkulima wa karafuu hahesabu mali yake zikiwa mbichi. Ajua ya kuwa kilo tatu za mbichi zikishapigwa na jua hurudi kiasi cha kilo moja, na hiyo ndiyo atakayoipeleka mizani. Na bei itajwayo na muuzaji wa baiskeli ni bei mbichi. Bei kavu huijui mpaka uongeze matengenezo.

Tuweke mfano, fedha hizi ni za kufanyia hesabu tu. Baiskeli ya kwanza yauzwa shilingi 120,000. Yataka tairi mbili na mipira yake kwa 40,000, mnyororo na friwili kwa 25,000, raba na nyaya za breki kwa 8,000, na ufundi 15,000. Jumla ya matengenezo ni 88,000, na baiskeli imesimama kwa 208,000. Ya pili yauzwa 170,000. Yataka raba za breki za 4,000 na ufundi 5,000. Imesimama kwa 179,000. Ile iliyoitwa rahisi imekuzidi kwa shilingi 29,000, na mbali ya hayo umepoteza siku kwa fundi.

Vitu vilikavyo havikutishi maadamu umevihesabu: tairi, mipira, mnyororo, raba, nyaya, tandiko lililochanika. Hivyo ndivyo vya kupunguzia bei. Mtajie muuzaji kimoja kimoja na thamani yake, kwa upole, bila ya kuitukana mali yake. Vitu visivyosameheka ni fremu iliyopasuka au kupinda, uma uliorudi nyuma, nguzo iliyoshikana, na kipimo kisichokuenea. Kwa hivyo vinne usiombe upunguziwe. Shukuru, uage, uende zako.

6. MALI YA NANI?

Baiskeli ina namba iliyogongwa juu ya chuma, mara nyingi chini ya ekseli ya pedali au juu ya bomba la tandiko. Ikiwa imesuguliwa hata haisomeki, usinunue. Ukinunua, namba hiyo iandikwe katika risiti pamoja na jina la muuzaji, siku na bei, na awepo shahidi. Mali ya wizi ikitambuliwa hurudi kwa mwenyewe, na fedha yako hujui utaidai wapi.

Fikihi yetu nayo imelisema jambo hili. Muuzaji aijuaye aibu ya kitu chake yampasa aibainishe, na mnunuzi akikuta aibu ya zamani iliyofichwa ana khiyari ya kurudisha. Lakini asikawie: akiisha kuiona, akaendelea kuitumia, amejidhoofishia hoja yake. Hayo nayo yamhusu mwanachama anayeuza. Ukimuuzia mwenzako baiskeli, mwonyeshe ufa mwenyewe kabla hajauona.

7. IPANDE KABLA YA KULIPA

Omba uipande, hata ukiacha rahani. Kwanza nenda polepole mahali tambarare, usikilize. Legeza mikono kidogo uone kama yavuta upande. Kisha pandisha kilima kifupi, usimame juu ya pedali, uone kama mnyororo waruka. Teremka kwa mwendo mdogo ukijaribu breki moja moja. Robo saa yatosha, kwani mkono uliokufa ganzi au goti lililoanza kulalamika kwa robo saa halitanyamaza kwa safari ya saa nzima. Muuzaji akikataa katakata usiipande, amekujibu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Jua kazi yake. Jipime nyumbani. Ivuke, ukae, ushike. Legeza nguzo. Kagua fremu, uma, magurudumu, mikono ya pedali, mnyororo na breki. Soma namba ya tairi. Hesabu bei kavu. Andika risiti. Ipande.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mwanachama ana urefu wa mguu wa sentimita 76. Aanze kutafuta fremu ya mbio ya urefu gani?
2. Kwa nini haifai kushusha tandiko mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini?
3. Pingili 24 za mnyororo zimepima inchi 12 na sehemu moja ya nane. Utahesabu kununua nini?
4. Tairi imeandikwa 32-630. Je, yafaa kwa ringi ya 622?
5. Baiskeli imekuenea, fremu imenyooka, lakini tairi zote mbili zimekwisha. Je, uiache, au ufanyeje?

Majibu mtayapata ndani ya somo lenyewe. La kwanza ni sentimita 49.4. Asiyejua kusoma asomewe na mwanawe, na hiyo rula waishike wote wawili.

Wako katika kazi,
KATIBU WA CHAMA